Kuchora kwa Mwanga: Nani Ameshika Tochi?

Wadau, mmewahi kuona zile picha ambazo mtu amesimama gizani halafu mgongoni kwake kuna mabawa ya mwanga? Au gofu la nyumba usiku, na ukutani kuna msururu wa vipepeo vya bluu vinavyong'aa kana kwamba vimeunganishwa na umeme? Nikimwonyesha mtu picha ya namna hiyo, jibu la kwanza huwa ni lile lile: "Hiyo ni kompyuta." Siku hizi wanaongeza: "Hiyo ni akili mnemba." Hapana. Nyingi ya picha hizo zinatengenezwa bila programu yoyote kuongeza kitu. Mtu alisimama pale gizani kweli, alikuwa na taa kweli, na mwanga wake uliingia kwenye kamera kweli. Cha ajabu ni kwamba mtu huyo aliyeshika taa haonekani.

Hilo la kutoonekana ndilo lililonifanya niandike. Mimi ni mwandishi wa gazeti. Kazi yangu ya kila siku ni kueleza nani kafanya nini, wapi na lini. Nilipoanza kufuatilia historia ya picha hizi nilidhani nitakutana na wasanii na michezo yao. Nikakutana na kitu kingine: historia ya zaidi ya miaka 130 ambamo mwenye kamera anakumbukwa na mwenye taa anasahaulika. Tena mara nyingine si kwa bahati mbaya. Kumfuta mtu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Tuanze na kamera. Kamera haioni kama jicho. Ukimtazama mtu akipita na tochi usiku, jicho lako linaona nukta moja ya mwanga inayohama. Ilipokuwa sekunde iliyopita, haipo tena. Kamera iliyoachwa mlango wazi haisahau. Kila mwanga unaoingia unajumlishwa juu ya uliotangulia, haba na haba mpaka kibaba kijae. Nukta ile inayohama inakuwa mstari. Mtu mwenyewe, kama amevaa nguo nyeusi na hakuna taa inayommulika, hana cha kuchangia kwenye kibaba hicho. Anapita mbele ya kamera kama vile hajapita.

Tabia hii ya kamera iligundulika mapema sana. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ile ilikuwa na shughuli nyingi, lakini kwa kuwa picha ilihitaji dakika kadhaa kukamilika, kila kilichokuwa kinatembea kilifutika. Farasi hawapo, mikokoteni haipo, watu hawapo. Utadhani kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Amebaki mtu mmoja pembeni, kwa sababu alisimama palepale akipigwa kiwi viatu. Ni moja ya picha za mwanzo kabisa duniani kuonyesha binadamu. Na mpiga kiwi je? Yupo, ila kama doa, maana alikuwa akitikisika na kazi yake. Hebu tafakari: aliyekuwa akihudumiwa ametoka vizuri, aliyekuwa akifanya kazi amefifia. Majina yao wote wawili hayajulikani.

Sasa twende kwenye mwanga wenyewe. Anayehesabiwa kuwa baba wa jambo hili ni daktari wa Kifaransa, Étienne-Jules Marey, aliyezaliwa mwaka 1830 katika mji wa Beaune. Marey hakuwa msanii na wala hakutaka kuwa. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia, na swali lililomsumbua maisha yake yote ni moja: mwili unatembeaje? Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyoweza kupiga picha 12 kwa sekunde. Mwaka huohuo akaanzisha kituo cha utafiti pembezoni mwa Paris, chenye banda lililopakwa weusi na njia ya watu kutembea na kukimbia mbele yake.

Marey akakutana na tatizo. Ukipiga picha nyingi za mtu anayekimbia juu ya kioo kimoja, mikono na miguu inarundikana mpaka huoni kitu. Dawa aliyoipata ilikuwa kumwondoa mtu. Akamvalisha suti nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akambandika mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akamkimbiza mbele ya ukuta mweusi. Kwenye picha hakuna uso, hakuna mwili. Kuna mistari tu, imepangana kama nyuzi za kinanda. Wengi wa waliokimbizwa walikuwa askari wa chuo cha mazoezi ya viungo cha Joinville.

Mwaka 1889 yeye na msaidizi wake, Georges Demenÿ, wakaenda hatua moja mbele. Balbu ya umeme ilikuwa na umri wa miaka kama kumi tu tangu Edison aonyeshe ya kwake. Wakachukua balbu ndogondogo, wakazifunga kwenye maungio ya mtu, wakamwambia atembee gizani. Picha iliyopatikana inahusu mwendo wa mgonjwa, na ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa picha ya kwanza iliyochorwa kwa mwanga. Kwa hiyo sanaa hii ilianzia kwa daktari aliyetaka kujua kwa nini mtu anachechemea. Demenÿ naye hakumaliza vizuri. Alitaka kufanya biashara na uvumbuzi wao, Marey alitaka ubaki sayansi, na mwaka 1894 wakaachana kwa ugomvi.

Mwaka uliofuata ndio unaotugusa sisi Waafrika. Mwaka 1895 palifanyika mjini Paris maonyesho ambayo Waafrika wa Magharibi waliletwa wakajengewa "kijiji" uwanjani, watu wa Paris wakawa wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama. Daktari mmoja, Félix-Louis Regnault, akaenda pale na kamera ya Marey pamoja na msaidizi wa Marey, Charles Comte. Wakampiga picha za mwendo mwanamke aliyekuwa akifinyanga chungu. Regnault aliamini kwamba namna watu wanavyotembea, wanavyochuchumaa na wanavyotumia mikono inaonyesha wako ngazi gani ya maendeleo ya binadamu, na msomaji wangu huhitaji kuambiwa sisi tuliwekwa ngazi ipi. Zana iliyotengenezwa kupima mwendo wa askari ikawa zana ya kupanga watu juu na chini. Mama yule ameingia kwenye vitabu kama "mwanamke wa Kiwolofu". Regnault ana jina, Comte ana jina, kamera ina jina. Mikono iliyokuwa inafinyanga ndiyo haina.

Tuvuke bahari. Frank Gilbreth alizaliwa jimbo la Maine, Marekani, mwaka 1868. Akiwa na miaka 17 alianza kujifunza kazi ya kujenga kwa matofali. Siku za mwanzo tu akaona kitu ambacho sisi tungekiona kila siku kama tungetazama: kila fundi ana namna yake. Huyu anainama kuchukua tofali, yule analigeuza mara mbili, mwingine akiwa na haraka anatumia namna tofauti kabisa na anayomfundisha kijana. Gilbreth akaanza kuhesabu. Baadaye alidai kwamba amepunguza miondoko ya kulaza tofali moja kutoka 18 hadi kama minne na nusu, hasa kwa kuweka matofali juu ya jukwaa linalopanda pamoja na ukuta ili fundi asiiname.

Mwaka 1904 alimwoa Lillian Moller, msomi ambaye baadaye alipata shahada ya uzamivu katika saikolojia ya kazi. Hawa wawili ndio waliochukua taa ya maabara wakaipeleka kiwandani. Karibu mwaka 1914 walikuwa wakifunga balbu ndogo kwenye vidole vya wafanyakazi, wanaacha kamera wazi, na mfanyakazi anafanya kazi yake: kukunja leso, kushona, kuchapa, kutoboa chuma. Picha inatoka na uzi wa mwanga unaozunguka hewani. Kisha wakaongeza ufundi mwingine: wakaifanya balbu iwake na kuzima kwa mapigo maalumu, hivyo uzi ukawa vipande vipande, na kwa kuhesabu vipande unajua kila mwondoko umechukua muda gani. Mwisho wakakunja waya kwa umbo la uzi ule wa mwanga, ili mfanyakazi mwingine auone kwa macho mwondoko "bora" na kuuiga.

Hapa naomba tuwe waangalifu, maana ni rahisi kuwafanya akina Gilbreth kuwa wabaya wa hadithi. Wakati wao bwana mkubwa alikuwa Frederick Taylor na saa yake ya kupimia muda, ambaye kitabu chake cha mwaka 1911 kilifundisha waajiri kupima kazi kwa sekunde. Mwaka huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown waligoma kwa sababu ya saa hiyo. Akina Gilbreth walisema wao wanatafuta njia isiyochosha, na mwaka 1916 wakatoa kitabu kizima kuhusu uchovu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walitumia elimu yao kuwasaidia askari waliokatika viungo wapate kazi. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba fundi aliyejifunza mkono wake kwa miaka 20, akishafungwa taa kidoleni na mwondoko wake ukakunjwa kuwa waya, ujuzi wake umetoka mwilini mwake ukahamia kabatini kwa mwajiri. Yeyote anaweza kufundishwa. Uzi wa mwanga unabaki, fundi anabadilishwa.

Na kufutwa hakukuwapata wafanyakazi tu. Kitabu cha Lillian cha mwaka 1914 kuhusu saikolojia ya uongozi kilitoka kwa jina "L. M. Gilbreth", ili msomaji asijue kuwa aliyeandika ni mwanamke. Mama huyu alizaa watoto 12, mumewe akafariki mwaka 1924, akaendeleza kazi peke yake miongo mingi hadi alipofariki mwaka 1972.

Ilichukua muda mwanga huu kufika mikononi mwa wasanii. Mwaka 1935 Man Ray, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, alikaa mbele ya kamera iliyo wazi akachezesha tochi ndogo ya kalamu hewani. Picha inaonyesha uso wake umefifia na mbele yake kuna mizunguko ya mwanga. Kwa zaidi ya miaka 70 watu waliitazama wakisema ni michirizi tu. Mwaka 2009 mpiga picha Ellen Carey akaiweka mbele ya kioo cha kujitazamia. Michirizi ile, ikigeuzwa, ni sahihi ya Man Ray. Alikuwa ameandika jina lake! Lakini ukiandika hewani ukiwa umeikabili kamera, kamera inakuona kwa upande wa pili, hivyo maandishi yanatoka kinyume. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, mwenye taa aliandika jina lake mwenyewe, na ikapita miaka 74 kabla ya mtu kulisoma.

Halafu akaja Gjon Mili. Huyu alizaliwa Albania mwaka 1904, akahamia Marekani mwaka 1923, akasomea uhandisi wa umeme kwenye chuo cha MIT. Alikuwa akiwafunga taa kwenye viatu wachezaji wanaoteleza juu ya barafu. Mwaka 1949 akaenda Vallauris, kusini mwa Ufaransa, kumwona Pablo Picasso, akamwonyesha picha hizo. Picasso alimpa dakika 15 za jaribio moja. Alipoona matokeo akakolea, wakafanya vikao vitano na michoro 30. Unaoujua zaidi ni ule wa kiumbe wa hadithi za Kigiriki, nusu mtu nusu farasi, uliochorwa hewani kwa balbu ndogo na kupotea hapohapo, ukabaki kwenye filamu tu. Jarida la Life lilizichapa mwezi Januari 1950.

Lakini angalia ufundi wa Mili. Picasso alichora gizani kamera ikiwa wazi, na kama mambo yangeishia hapo angefutika kama wengine. Mili akawasha flashi mara moja ili mwili wa Picasso, macho yake na mkono wake vinaswe pamoja na mchoro. Kumbe kumwonyesha mwenye taa halikuwa jambo gumu! Ilitosha flashi moja. Swali ni nani anaonekana kuwa anastahili flashi hiyo. Askari wa Joinville hawakuhitajika kuonekana. Picasso alihitajika.

Sasa tuje kwenye stensili, maana huko ndiko mtu wa kawaida asiye na jina kubwa anakoweza kuingia. Stensili ni kitu cha kale kuliko maandishi. Katika mapango ya kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kuna alama za viganja zilizopatikana kwa mtu kuweka mkono juu ya mwamba na kupuliza rangi kuuzunguka. Kimoja kati ya viganja hivyo, kwa vipimo vilivyotangazwa mwaka 2014, kina umri wa angalau miaka 39,900. Mkono umeondoka, nafasi yake imebaki. Wajapani nao kwa karne nyingi walikata stensili za kupaka rangi vitambaa kwa karatasi za magamba ya mforsadi, wakizigandisha kwa maji ya tunda la kaki. Na wazazi wetu walioajiriwa ofisini au kufundisha shule wanaijua stensili nyingine: ile karatasi ya nta iliyochapwa kwa taipu, ikawekwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono na kutoa nakala za mtihani zenye harufu ya wino. Ukoo wake unarudi kwa David Gestetner, mzaliwa wa Hungary, aliyesajili zana yake ya saiklostaili London mwaka 1881. Kote huko kanuni ni ileile: kata tundu, pitisha kitu. Wengine walipitisha rangi, wengine wino. Katika picha unapitisha mwanga.

Kamera za dijitali ziliposhuka bei miaka ya 2000, na mtandao wa Flickr ukaanza mwaka 2004, vijana wa nchi mbalimbali wakawa wanaonyeshana stensili zao. Kabla ya hapo kila jaribio lililiwa na filamu, na matokeo uliyaona baada ya kusafisha. Sasa unapiga, unatazama, unarudia bila gharama.

Nimejaribu mwenyewe, na nawaeleza ili mjaribu. Unahitaji boksi la viatu, karatasi ya manila nyeusi, karatasi nyeupe ya kufuatishia ramani, wembe, selotepu nyeusi na flashi ya kamera inayojitegemea. Kata dirisha upande mmoja wa boksi. Lifunike kwa karatasi ya kufuatishia ili mwanga usambae sawasawa, kisha juu yake bandika manila uliyoikata umbo lako. Upande wa pili toboa nafasi ya kuingiza kichwa cha flashi. Ziba kila upenyo kwa selotepu, maana mwanga ukivuja hata kidogo kamera itauona. Ukitaka rangi, weka karatasi ya pipi inayopitisha mwanga katikati.

Kukata kuna siri moja. Ukikata herufi O, kile kiduara cha katikati kinadondoka, unabaki na tundu. A, B, D, P na R zina tatizo hilohilo. Lazima uache daraja jembamba la karatasi linaloshika kisiwa kile. Wajapani walitatua jambo hili kwa kupitisha nyuzi nyembamba za hariri. Mimi na rafiki yangu tuliacha madaraja tu. Na ile shida ya Man Ray ya maandishi kugeuka haipo hapa: unakata upande unaoikabili kamera, unasomeka sawa.

Kisha kamera juu ya traipodi, ISO 100 au 200, tundu la lenzi f/8, mlango uachwe wazi sekunde 30 au zaidi. Kabla ya kuanza, mulika tochi pale utakaposimama ili lenzi ikae sawa, halafu uifunge isihangaike kutafuta. Vaa nguo nyeusi. Simama, elekeza boksi kwenye kamera, bonyeza kitufe cha kujaribia flashi. Mwanga wake unadumu kama moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka umbo linatoka kali. Sogea hatua mbili, bonyeza tena. Mwisho wa sekunde 30 una umbo moja mara kumi, na wewe hupo.

Tulikata chungu. Nilikuwa bado nina yule mama wa mwaka 1895 kichwani. Tulikuwa uani Mbezi, usiku usio na mwezi, na kwenye jaribio la tatu mlinzi wa jirani akaja na tochi yake akitaka kujua kulikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vijana, mnapiga picha au mnapiga radi?"

Tukamwonyesha kioo cha kamera. Vyungu vinane vya mwanga, na katikati yake mstari mrefu wa tochi ukitokea getini hadi kwetu, wa juu juu, wa chini chini, kwa mwendo wa mtu anayechechemea mguu mmoja. Yeye mwenyewe hayumo. Akautazama kwa muda akasema, "Huo ni mguu wangu wa kushoto." Kisha akaomba boksi, na picha tatu zilizofuata alizifanya yeye. Nilipomuuliza kama niandike jina lake, akasema picha nimpe, ila jina lisiende mtandaoni. Bosi wake akiliona atauliza saa ile alikuwa wapi. Picha nimempa. Jina ninalo, na halipo hapa.

Mzee yule alinisogeza hatua moja kutoka nilipokuwa. Nilikuwa nimejijengea hoja rahisi: waliosahaulika watajwe, basi. Kumbe kutotajwa nako kunaweza kuwa uamuzi wa mtu, na kuna watu ambao kutajwa kunaweza kuwagharimu kazi. Tofauti kati ya mlinzi yule na mama wa Kiwolofu si kwamba mmoja ameandikwa na mwingine hajaandikwa. Wote wawili hawakuandikwa. Tofauti ni kwamba mmoja aliulizwa.

Na hapo ndipo historia hii inaponirudisha kwenye kazi yangu. Fungua gazeti lolote leo usome maelezo chini ya picha. Waziri (katikati) akikata utepe, mkuu wa mkoa (kulia) akishuhudia, na mkurugenzi (wa pili kushoto) akipiga makofi. Majina kamili, vyeo kamili. Nyuma yao kuna watu 30, nao ni "baadhi ya wananchi". Picha ya ukurasa wa tano: "Fundi akiwa kazini." "Mama lishe akihudumia wateja." "Mtoto akichota maji." Tumewapa flashi wale ambao wangeonekana hata bila sisi. Waliobaki ni mistari myeupe juu ya suti nyeusi. Najua sababu zake, maana nafanya kazi humohumo: muda hautoshi, nafasi ni ndogo, gari linaondoka na msafara. Lakini kumuuliza mtu "unaitwa nani, na niandike?" kunachukua sekunde tano, na sisi tunaacha kamera wazi sekunde 30 kupata vyungu vya mwanga.

Wapiga picha, kateni stensili zenu, mkacheze na giza, ni raha isiyo na gharama kubwa. Waandishi wenzangu, tukitoka kazini kesho tuwe na daftari lenye majina mengi kuliko vyeo, pamoja na ya wale walioomba yasiandikwe. Na wewe msomaji, ukiona picha yoyote inayong'aa, usiishie kumsifu aliyeipiga. Uliza nani alikuwa ameshika tochi.

Naomba kutoa hoja.